Vigingi vya Kamongo

Kwenye ubao wa barabarani kijiji kiliitwa Tumaini. Midomoni mwa watu kiliitwa Nchi Kavu, kwa sababu wenyewe walikuwa wavuvi tupu, na mwaka uliopita, wakati wa Operesheni Vijiji, malori yaliwachukua mwaloni, ufukweni mwa ziwa, na kuja kuwashusha hapa, maili tatu kutoka majini, kando ya barabara iendayo Kisorya. Kijiwe chao kilikuwa mbele ya duka la ushirika: benchi moja, mawe mawili ya kukalia, na jiko la Marieta, mjane aliyeuza kahawa bila kumchekea mtu. Saa nane mchana, shamba la kijiji likishawaachia, wanaume walifika hapo na majembe yao begani. Wako waliokuja kunywa kahawa. Wengi walikuja kutia shaka, maana mwaka ule wa sabini na tano sukari ilikuwa ya kupanga foleni, unga wa njano ulikuwa wa kupanga foleni, lakini shaka kila mtu alijipakulia mwenyewe.

Na siku hiyo shaka ilikuwa na pa kukaa. Usiku uwanja wa mbele ya duka ulilala mtupu, asubuhi ukaamka na vigingi. Vigingi thelathini na vitatu, vimechongwa vizuri, vimeunganishwa kwa kamba ya katani. Vilianzia hatua chache kutoka kwenye benchi, vikapanuka kwenda pande zote mbili, kisha vikaanza kubanana tena kidogo kidogo mpaka vikaishia kwa ncha nyuma ya zahanati.

Enoka alikaa mwisho wa benchi, kikombe mkononi, macho chini. Kijiwe kilimwita Randa, kwa kuwa alikuwa fundi wa mitumbwi, na kabla ya Operesheni hapakuwa na mtumbwi mwaloni ambao randa yake haikuupitia. Sasa randa ilikuwa imening'inia ukutani, na yeye alikuwa analima pamba safu moja na watu aliowaundia vyombo. Vigingi alivipiga yeye, usiku wa manane, kabla ya kengele ya shamba, peke yake. Fundi mitumbwi wa huko hakuwa mtu wa karatasi. Alipima kwa hatua na kamba, akaweka umbo zima ardhini kwa ukubwa wake wenyewe, akalizunguka siku mbili tatu akilitazama kwa jicho moja, na moyo ukikubali ndipo alipogusa mbao. Alhamisi angekuja bwana mmoja kutoka Musoma kuliona umbo hilo. Akilipenda, Enoka angepata barua ya kurudi mwaloni na vifaa vyake. Bwana huyo alimwambia anyamaze mpaka siku hiyo, naye akanyamaza, jambo ambalo kwa mtu wa kijiweni ni kama kushikilia kaa la moto kwenye shavu.

— Mimi nimeshasema tangu asubuhi, wanatuhamisha tena — alisema Redio.

Jina lake lilikuwa Stanislausi. Aliitwa Redio kwa sababu alikuwa nayo, na aliendelea kutangaza hata baada ya betri kufa.

— Umesikia wapi? — aliuliza Marieta. — Betri zako si zilikufa Pasaka?

— Mama, hii haihitaji betri. Mwaka jana ilikuwaje? Walikuja watu na vigingi, tukawachekea, tukawapa maji ya kunywa. Wiki ya tatu, malori. Vigingi ndiyo vinatanguliaga.

— Watupeleke wapi tena? Huku nyuma ni mbuga ya wanyama.

— Si ndiyo hapo sasa. Watu wa mbuga wanataka watalii, watalii wanataka kuona vitu.

— Ngoja kwanza — alisema Machage.

Huyo alikuwa mfugaji wa kutoka upande wa Tarime, aliyeoa huku. Alikuwa na ng'ombe wanne na hakuwahi kukubali jambo lolote kabla ya kuwaambia watu wangoje, basi Ngoja Kwanza likawa jina lake. Aliweka kikombe chini, akainuka, akaenda kusimama penye kigingi cha kwanza, akafumba jicho moja.

— Ngoja kwanza. Hii mimi naijua. Huku mbele pana, kule nyuma nyembamba. Ng'ombe unawaingizaga penye upana, wanaenda wenyewe, wanabanana, mwisho anapita mmoja mmoja. Hii ni josho.

— Josho la ng'ombe hapa dukani?

— Nani amesema ng'ombe?

Redio alijikuna shingo, mtu ungedhani tayari amemwagiwa dawa.

— Watatuogesha? — aliuliza.

— Watatuhesabu. Kule mwisho, kwenye wembamba, anakaa karani. Anayepita anahesabiwa. Asiyepita wanajua karudi ziwani. Sasa mnaona kwa nini iko karibu na zahanati? Unahesabiwa, unachomwa sindano hapo hapo.

— Sindano ya nini?

— Ya kutulia.

Enoka alimeza kahawa ikampalia. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na Marieta akampiga mgongoni mara mbili, akamtazama usoni muda mrefu kuliko kikohozi kilivyohitaji.

Mzee Wanzagi alikuwa amengoja wenzake wamalize. Yeye walimwita Hakimu, kwa vile enzi za zamani alikalia baraza la wazee mwaka mmoja kabla halijafutwa. Methali alikuwa nazo nyingi sana, ila alizitumia kama mtu anayefungua kopo kwa jembe.

— Vijana, mtaka cha mvunguni sharti ainame — alisema. — Huyu aliyepiga vigingi aliinama. Kwa hiyo kuna kitu mvunguni.

— Kitu gani, Mzee Wanzagi?

— Cha Mjerumani. Baba yangu alisemaga, Mjerumani akikimbia Mwingereza alipita hapa hapa na masanduku kumi na mawili. Yalifika Kisorya yakiwa tisa. Matatu yalikwenda wapi? Na hiyo alama mnayoiona, pana huku, ncha kule, ni mshale. Unaonyesha.

— Unaonyesha choo cha zahanati — alisema Marieta.

— Mjerumani hakuwa mjinga. Nani atachimba chooni?

Redio alianza kuipenda hiyo ya masanduku, lakini Machage hakuipenda, maana sanduku la Mjerumani halikuwa na karani wala sindano. Walibishana hivyo mpaka birika likajazwa mara ya pili. Sanduku likakutana na josho, josho likakutana na mbuga, na mwishowe wote watatu wakakubaliana jambo moja tu: kwamba vyovyote iwavyo, dawa ya kigingi ni kuking'oa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone — alisema Mzee Wanzagi, akijisugua mikono. — Sasa mgeni hajafika. Tupone mapema. Tung'oe.

— Tung'oe vyote tuchomee kahawa — alisema Redio. — Marieta ana shida ya kuni.

Machage alikwisha kuinama. Alikishika kigingi cha kwanza kwa mikono miwili, akakitikisa, udongo ukapasuka. Enoka aliona kazi yote ya kupima ikitaka kwenda motoni. Aliona na Alhamisi, na yule bwana akisimama kwenye uwanja mtupu, akipanda tena kwenye Landrova yake.

— Machage, acha hicho — alisema.

— Kwa nini?

— Ni changu.

Machage alikiacha, lakini hakunyooka. Aligeuza shingo tu akamtazama kutoka kule chini.

— Chako vipi?

— Vyote vyangu. Nimevipiga mimi. Ni banda. Banda la maonyesho, la Saba Saba. Litasimamishwa kule Musoma mjini, hapa natafuta umbo tu, Alhamisi bwana wa maonyesho anakuja kuliona. Kila tarafa inapeleka banda lake. Mwaka jana sisi tulipeleka nini? Robota mbili za pamba na picha ya trekta, kwenye kibanda cha bati. Watu walikuwa wanapita kama kwenye msiba wa mtu wasiyemjua.

Enoka alikuwa amejiandaa kwa kelele, lakini wote walimgeukia kusikiliza. Aliinuka akaingia ndani ya kamba, na kadiri alivyotembea ndivyo ulimi ulivyomfunguka. Ilikuwa miezi kumi na minne tangu amweleze mtu kazi ya mikono yake, na furaha ilimpanda mpaka akasahau kuwa anahojiwa.

— Ni samaki. Tazameni. Hapa kichwa, watu wanaingilia mdomoni. Hapa mashavu, nimeacha nafasi tatu kila upande, upepo upite, maana kwenye lile la bati watu walizimia. Kutoka hapa ni mbavu. Nilipasua samaki nikapanga mbavu zake juu ya jiwe, moja moja, nikaziangalia. Hazilingani. Kubwa ziko hapa mbele, halafu zinapungua, zinapungua, mpaka mkiani. Ukizilinganisha unapata ghala, hupati samaki. Nitazikunja kama mataruma, zile mbavu za ndani ya mtumbwi. Tofauti ni moja, mtumbwi tumbo liko chini, hapa naligeuza litazame mbinguni. Magamba nitakata kwenye madebe ya mafuta ya taa, nipange kuanzia chini kupanda juu, mvua iteleze. Na huku mkiani kutakuwa wazi, kivuli tu, akina mama wakichoka wakae.

Redio alikuwa ameacha mdomo wazi. Hata Marieta aliacha kupepea moto. Kwa kitambo kidogo, kidogo sana, Enoka aliona kwamba wanalikubali, kwamba wanaliona lile banda limesimama na jua likimeta kwenye madebe.

— Samaki gani? — aliuliza Mzee Wanzagi.

— Kamongo.

Mzee Wanzagi aliuvuta mguu wake uliokuwa umevuka kamba, akaurudisha nje taratibu.

— Enoka, mwanangu. Baba yako alikaa na baba yangu. Unajua sisi kwetu kamongo ni mwiko. Hatumli, hatumpigi, hata asubuhi hatumtaji. Leo unataka nipitie mdomoni mwake niingie tumboni?

— Ni mbao, mzee.

— Mwiko haujui mbao. Ukoo wetu peke yake una watu arobaini hapa kijijini. Nani atabeba?

Alijua ukoo ule na mwiko wake tangu utotoni, ila alipokuwa akipima alimfikiria samaki tu, watu akawasahau. Na watu ndio aliowahitaji. Mbavu moja ya banda lile ilitaka wanaume wanane kuikunja ikingali mbichi na kuisimamisha.

— Kwani ulishindwa kuweka sato? — alisema Redio. — Sato samaki mzuri, hana neno na mtu. Kwa nini kamongo?

Hapo angeweza kusema kamongo ana umbo refu linalofaa banda, na ingekuwa kweli. Lakini moyo ulikuwa umekwisha kuwashwa.

— Kwa sababu kamongo maji yakimkimbia, hafi. Anajichimbia kwenye tope, anafunga mdomo, anangoja. Tope linakauka juu yake, watu wanapita, wanalima, hawajui kama yuko. Hata mwaka anangoja. Mvua ikirudi anatoka.

Marieta aliinua uso kutoka kwenye jiko. Redio alitazama kushoto, akatazama kulia, akatazama mlango wa duka, ambako karani wa ushirika alikuwa anapima chumvi.

— Randa — alisema kwa sauti ya chini. — Hiyo wataielewa.

— Nani?

— Wao. Watu wa Musoma si wajinga. Mkuu wa Mkoa atasimama hapo mdomoni, atauliza, ndugu fundi, huyu samaki anafanyaje? Utamwambia anangoja? Anangoja nini? Utalala ndani, na sisi tuliobeba mbao tutalala pembeni yako.

— Sikumaanisha hivyo.

— Ulimaanisha — alisema Marieta. — Na usimkatalie mtu aliyekuelewa.

Enoka alirudi akakaa. Alikuwa ameona umbo, hakuwa ameona maneno yaliyomo ndani yake, na sasa alipoyaona alishikwa na woga na kiburi kwa pamoja. Kijiwe nacho hakikuwa na nia mbaya. Kilianza kumsaidia, na msaada wa kijiweni unajulikana.

— Weka sato basi — alisema Redio.

— Sato ndiye wanayemlaga wao, kila wakija semina — alisema Machage. — Watasema tunawasimanga kwa sababu ya chakula.

— Gogogo.

— Gogogo ana miiba, na ukimtoa majini anapiga kelele. Watasema tunalalamika.

— Basi sangara. Yule mgeni, mkubwa.

— Ngoja kwanza. Sangara amekuja juzi tu humu ziwani, hatujui ametoka wapi, anameza wenyeji. Watauliza, mnamsema nani hapo?

Redio alikaa akafikiri, kisha uso ukamng'aa.

— Dagaa. Hamna anayeweza kusema kitu juu ya dagaa. Wako wengi, wanatembea pamoja, mmoja akigeuka wote wanageuka. Huo si ndiyo ujamaa wenyewe? Fundi, jenga dagaa mia tano wadogo wadogo.

Hata Mzee Wanzagi alitikisa kichwa kukubali. Machage peke yake hakutikisa.

— Na dagaa wanavuliwaga na nini? — aliuliza.

— Na taa.

— Enhe. Wanaonyeshwa taa. Wanaifuata wote, pamoja, wanafurahi. Wakifika kwenye taa?

Kila mtu pale alijua kinachongoja chini ya taa, na kila mtu alikumbuka Mwenge wa Uhuru ukipita barabarani, na ngoma, na wao wenyewe wakiukimbilia. Karani wa duka alikohoa kule ndani. Wote wanne wakatazama vikombe vyao.

— Hiyo usiirudie, Machage — alisema Redio.

— Mimi nimesema nini? Nimeuliza dagaa wanavuliwaje.

— Weka samaki asiye na jina — alisema Mzee Wanzagi, akitafuta amani. — Samaki tu. Kimya kina mshindo, lakini hakina kesi.

— Samaki asiye na jina ana mbavu ngapi, mzee? — aliuliza Enoka. — Mimi lazima nijue mbavu.

Ilikuwa ichekeshe, na Redio alicheka kweli. Lakini Machage alikuwa amesimama tena. Alikuwa anazunguka vigingi nje ya kamba, mikono nyuma, kama anavyozunguka ng'ombe mnadani, na Enoka alijua swali linalokuja kabla halijafika.

— Ngoja kwanza. Huyo bwana wa maonyesho alikuja hapa lini?

— Hakuja. Nilimfuata mimi. Mwezi wa tatu, nilipokwenda Musoma kwenye mazishi ya mjomba.

— Ulimfuata. Ulimwambia unataka kujenga banda.

— Nilimwambia mimi ni fundi.

— Na yeye atakupa nini?

— Machage, mtu hawezi kufanya kazi tu?

— Anaweza. Sisi tunafanya kila asubuhi. Nauliza wewe utapata nini.

Enoka alikizungusha kikombe kwenye kiganja. Kilikuwa kitupu.

— Barua — alisema.

— Ya nini?

— Ya kurudi mwaloni. Kufungua kazi yangu ya mitumbwi.

— Ya nani na nani?

— Yangu.

Redio aliyekuwa bado anatabasamu kwa ajili ya mbavu aliacha. Mzee Wanzagi alitoa ugoro wake akautazama, akaurudisha mfukoni bila kuunusa. Wote pale, ukimtoa Machage, walizaliwa mwaloni. Redio mwenyewe alikuwa na mitumbwi miwili kule, imelazwa mchangani, jua limeipasua mpaka unapitisha mkono. Si kwamba polisi walilinda ziwa. Nyavu hutegwa jioni na kuteguliwa alfajiri, na alfajiri ndipo kengele ya shamba ilipolia, na asiyeitika jina lake hakupata kadi ya duka. Hivyo uvuvi ulikuwa umekufa bila mtu yeyote kuupiga marufuku.

— Kwa hiyo sisi tubebe — alisema Redio. — Tukunje mbao, tukate madebe, tupakie lori. Halafu wewe ukarudi kwa maji, sisi tukarudi kwa jembe.

— Nikishakuwa kule nitawaundia vyombo.

— Tuje kuvichukua lini? Kengele ikilia?

— Ulituacha tunasema sindano — alisema Machage. — Ulikuwa umekaa hapo, unatusikia.

Hilo ndilo lililomuuma Enoka kuliko yote. Alitaka kusema kwamba ukuta wenye randa iliyoning'inia hautazamiki, kwamba mkewe alianza kumwita mkulima kwa utani na utani ukaacha kuwa utani, kwamba mtu anaweza kuzama hata penye maili tatu za nchi kavu. Hakusema hata moja. Alisema:

— Nisingeomba ya watu wote. Wasingenipa.

— Uliomba ukanyimwa? — aliuliza Marieta.

— Sikuomba.

Machage aliinama, akakamata kile kigingi cha kwanza, na safari hii Enoka hakumwambia aache. Kilitoka. Machage akaenda kwenye cha pili.

Wakati huo basi la kutoka Bunda lilisimama, likamshusha mwanamke mmoja, likaondoka. Alikuwa mtu mzima, khanga mbili, miguu ina vumbi la safari, kikapu kitupu kimefunikwa kwa kitambaa safi. Alikuja moja kwa moja kijiweni, akapiga goti kidogo kumsalimu Mzee Wanzagi.

— Shikamoo, baba. Habari za hapa, ndugu zangu. Mimi naitwa Wankyo, natoka Nyamuswa.

— Marahaba, mama. Karibu. Marieta, mpe mgeni kahawa.

— Nashukuru, sitakaa, nataka niwahi basi la kurudi. Binti yangu amejifungua juzi, maziwa hayatoki. Nesi amesema apate supu ya samaki, samaki wabichi. Kwetu Nyamuswa ni ng'ombe tu, na kule Bunda sokoni leo hamna. Nikaambiwa, panda basi la Kisorya, ushuke Tumaini, kile ni kijiji cha wavuvi. Hapa samaki wananunuliwa wapi?

Mzee Wanzagi alifungua mdomo. Redio alitazama barabara. Machage alibaki ameinama, kigingi cha pili kiko nusu nje, nusu ndani.

— Hata wadogo tu — alisema Wankyo. — Hata wawili. Furu, sato, wowote. Sichagui.

Tangu saa nane kijiwe kilikuwa kimewapitia samaki wote wa ziwa, mmoja mmoja, kwa mbavu, kwa mwiba na kwa tabia. Na hapakuwa na mtu pale aliyeweza kukumbuka mara ya mwisho alipomshika mmoja wao mkononi, isipokuwa Enoka, na huyo wake alimpata Musoma, kwa kubembeleza, ili ahesabu mifupa.

— Mama — alisema Redio hatimaye. — Sisi ni wavuvi, hilo ni kweli. Ila sasa hivi…

Akainamia kikombe chake.

Aibu ilimpanda Enoka mpaka masikioni, na haikuwa ile ya kukutwa na siri. Hiyo alikuwa amekwisha kuizoea. Aliona kwamba alipima banda la samaki lenye mdomo na mashavu na kivuli cha mkiani, na hakujiuliza hata siku moja kitakachowekwa tumboni. Aliinuka.

— Machage, Alhamisi huyo bwana akija, sitachukua barua ya mtu mmoja. Nitamwambia aandike kijiji. Wavuvi wote, na alfajiri yao iachiwe nyavu. Akikataa, banda atajenga yeye.

— Wataitupa barua, watakutupa na wewe — alisema Redio.

— Basi watanitupa.

Machage alinyooka. Alimtazama Enoka hivi, akamtazama tena, akitafuta mahali pa kutilia shaka, na asipopaona akakaa chini juu ya jiwe. Mzee Wanzagi alisema kamongo hata hivyo atabadilishwa. Enoka akasema atabadilishwa, mzee, tutakaa tutazame. Kwa kitambo wanaume wale wote wanne walijisikia wamefanya jambo kubwa, na pengine walikuwa wamelifanya.

Wankyo alikuwa bado amesimama, kikapu mkononi. Alikuwa amewasikiliza kwa adabu, akimgeukia kila aliyesema.

— Mimi hayo ya barua siyajui, baba zangu — alisema. — Mtoto ana siku ya tatu leo. Nikirudi na hiki kikapu, nimwambie nini mama yake?